Uzi: Lean, Six Sigma ama Kaizen kwa karakana ya sare za shule? Nimechanganyikiwa jamani

Mama Sare:
Salamu wapendwa kutoka Kisumu. Nina karakana ya kushona sare hapa nyuma ya soko la Kibuye, tuko na mafundi sita, mkataji mmoja, binti mmoja wa kupokea oda na mimi mwenyewe ambaye kazi yangu ni kila kitu ambacho hakina mwenyewe. Sio ati nalia njaa, kazi iko, shida ni nguo kurudi na nguo kuchelewa. Mzazi anachukua shati Jumatatu, Jumatano huyu hapa mlangoni, ati mikono imeishia juu ya kifundo, mwingine tuniki ya mtoto inaburura chini kama kanzu ya padri. Na Januari, vile watoto wa Gredi 10 walikuwa wanaingia shule mpya, tuliahidi watu Ijumaa wakapata Alhamisi ya wiki iliyofuata, kuna mama mmoja alinitukana mbele ya wateja na sikuwa na la kumjibu ju alikuwa na haki.

Sasa kuna jamaa wa ushauri wa biashara amenipigia hesabu ya 60,000 aje atufundishe Six Sigma siku tatu, na kila mtu atapata mkanda. Nikamuuliza mkanda wa nini, wa suruali? Hakucheka. Mtoto wa dada yangu aliye chuo anasema niachane na hiyo nifanye Lean, mwingine wa kanisani anasema Kaizen ndio ya watu wadogo kama sisi. Nimesoma usiku mpaka macho yakauma na kila mmoja anasema yake ndio dawa. Nishike gani? Tafadhali msinitumie linki, niambieni kwa maneno.

omera_sofa:
Mama huu ndio uzi wa kwanza humu ndani unaohusu uzi kweli kweli. Nakaa hapa mbele na chai.

Mzee wa Maziwa:
Mama, mimi nilikaa kiwanda cha maziwa hapa Nakuru miaka 19 kabla ya kustaafu na hizo dawa zote nimezinywa, zingine mara mbili meneja akibadilika. Kabla hujatoa 60,000 uliza kila moja ilizaliwa wapi, ju ukijua ilikuwa inatibu nini utajua kama ugonjwa ni wako.

Six Sigma ilitoka Motorola, Marekani, 1986, injinia aliyeianzisha anaitwa Bill Smith. Hao walikuwa wanatoa vifaa vya elektroniki kwa maelfu, vyote vinafanana, kosa dogo sana likijirudia huko ni hasara kubwa, kwa hivyo wakaenda na hesabu nzito. Lean mizizi yake ni Toyota baada ya vita, Japani haina pesa, haina nafasi ya stoo, Taiichi Ohno akaona hawawezi kutengeneza gari zikae uani zikingoja mnunuzi. Hata hilo jina Lean ni la Mmarekani, John Krafcik, 1988, Wajapani wenyewe hawakuwa wanaita hivyo. Ohno alipenda sana vile supamaketi za Marekani zilikuwa zinajaza rafu, kinachotolewa na mteja ndicho kinarudishwa, si zaidi, yani kwa ufupi alimuona mama mboga akaelewa. Kaizen nayo ni marekebisho madogo ya kila siku kutoka kwa yule anayeshika kazi, si kutoka ofisini.

Sasa nikupe kitu kilituchekesha. Neno la Kijapani la upotevu, ule ambao Lean inapigana nao, ni muda. Muda kabisa, vile ninavyoandika hapa. Mkufunzi anasimama mbele yetu anasema ondoeni muda, kazi yenu ni kuondoa muda, na sisi tunaangaliana, muda utauondoa aje na lori la saa kumi linangoja maziwa? Ilichukua mpaka chai ya saa nne ndio mtu akauliza. Lakini ukitulia utaona haiko mbali, ju hizo aina saba za muda ambazo Ohno alihesabu, kwako ni shati linalongoja, shati linalobebwa huku na huku, fundi anayeinuka kutafuta makasi, majora yaliyolala stoo tangu mwaka juzi, kushona nguo ambazo hakuna aliyeagiza, kutia nakshi ambayo hakuna aliyeomba, na kufumua ulichoshona. Tembea karakana yako asubuhi moja bila kusema kitu, uone ngapi unazo.

Mimi nakwambia Kaizen, na bila kulipa mtu.

mkanda_kijani:
Jaduong' heshima yako, lakini hapo mwisho umekimbia. Mimi nina huo mkanda wa kijani, yani ngazi ya mafunzo ya Six Sigma, wanazipanga kwa rangi kama za karate, nilifanyia kwa kiwanda cha sukari huku magharibi, na nakubali watu wanauza mikanda kama mitumba. Lakini Six Sigma si mkanda. Ni hatua tano tu, eleza shida, pima, tafuta chanzo, rekebisha, halafu linda isirudi. Na kitu kikubwa inakufundisha ni kuangalia kutawanyika badala ya wastani. Shati za Mama Sare zikipimwa zote mikono wastani inaweza kutoka sawa kabisa, sentimita 52, na bado wazazi wanalia, ju huyu alipata 49 na yule 55. Wastani haumvai mtoto.

Mama, swali. Kati ya nguo zilizorudi mwezi jana, ngapi ni mikono mifupi, ngapi ni kubwa, ngapi ni vifungo, ngapi ni beji?

Mama Sare:
Sijui kwa kweli. Nyingi.

mkanda_kijani:
Na nani alizipima?

Mama Sare:
Wakati mwingine binti, wakati mwingine mimi, na wengine wanapiga simu tu wananiambia yuko Gredi 4 ni mnene kidogo.

mkanda_kijani:
Basi usilipe hiyo 60,000. Nasema mimi mwenye mkanda. Ukiitwa darasani leo utafundishwa grafu za data ambayo huna. Nunua daftari la shilingi 50, wiki mbili andika kila nguo iliyotoka na kila iliyorudi na sababu yake. Usibadilishe kitu chochote hizo wiki mbili, na usimgombeze mtu.

Mama Sare:
Kutogombeza ndio ngumu. Na inasaidia bwana. Juzi Jumanne zilirudi nne nikapiga kelele karakana yote ikanyamaza, Jumatano ikarudi moja tu.

mkanda_kijani:
Hahaha hapo ndio pale. Tulikuwa na opareta kiwandani, kila mizani ikisoma juu kidogo anafunga valvu, ikisoma chini anafungua, siku nzima anahangaika na anajiona mchapakazi. Tukamwambia usiguse saa nne nzima. Mifuko ikatulia kuliko alipokuwa anaikimbiza. Kila kazi ina kupanda na kushuka kwake kwa kawaida, siku ikiwa mbaya sana inayofuata mara nyingi itakuwa nafuu tu hata ukinyamaza, na siku ikiwa nzuri sana ukawasifu inayofuata itakuwa mbaya kidogo, unaanza kuamini kelele inafanya kazi na sifa zinaharibu watu. Walter Shewhart alichora hii kitu 1924 akiwa na kampuni ya simu Marekani, grafu yenye mistari miwili, juu na chini, ikiwa uko katikati ya mistari tatizo ni mfumo wako wote si fundi wa leo, ikiruka nje ndio unaenda kuuliza nini kilitokea siku hiyo. Mmarekani mwingine, Deming, aliichukua hiyo elimu kwa Shewhart, akaenda kufundisha Japani 1950, na mwaka uliofuata Wajapani wakaanzisha tuzo ya jina lake. Kwa hivyo Mzee wa Maziwa, Kaizen yako na Six Sigma yangu ni watoto wa boma moja.

Mzee wa Maziwa:
Nimekubali undugu. Urithi bado tutagombania.

Nesi wa Kakamega:
Naingilia kidogo dada yangu, mimi si mtu wa viwanda. Hospitali moja niliyofanyia walituletea 5S, ile ya kuchambua, kupanga, kusafisha, kuweka utaratibu na kudumisha. Tukabandika lebo kila mahali, kabati lina lebo, droo ina lebo, ukutani kuna lebo inayoeleza lebo. Wageni wakaja, picha zikapigwa. Miezi mitatu baadaye droo imeandikwa GLAVU ukifungua ni chaja za simu na pilipili ya mtu. Kitu kimoja tu ndio kilibaki mpaka nahama, sinia ya dawa za dharura, na ilibaki ju kila zamu kulikuwa na jina la mtu anayeihesabu na kutia sahihi kabla hajapokea wodi. Sijui hiyo inaitwa mbinu gani. Lakini chochote utakachochagua uliza nani atakifanya Jumanne ya mwezi wa tatu wakati msisimko umeisha.

omera_sofa:
Pilipili 😂😂 nesi umeniua

Mwalimu mstaafu:
Kwani si angeenda tu ISO, ile ya viwango vya kimataifa, akapata cheti akabandike dukani, shule zinapenda vyeti.

mkanda_kijani:
Mwalimu, ISO 9001 inakwambia mfumo wako uwe na nini, haikwambii kwa nini mikono ni mifupi. Unaweza kuwa na cheti na uwe unakosea kwa utaratibu ule ule kila siku, na umeandika vizuri. Tenda kubwa ikimlazimisha basi sawa, saa hii bado.

lori_mau:
Niwaulize nyinyi wasomi, mbona mnaongelea nguo kurudi tu na Mama alisema pia zinachelewa? Hizo ni shida mbili. Mimi napanga safari za lori za mizigo kutoka Nakuru kuja huko kwenu, najua kuchelewa. Msururu ukishikana kwa kilima cha Mau Summit unaweza kuongeza lori, unaweza kuongeza dereva hodari, unaweza kutoka Nakuru alfajiri ukikimbia, utafika mapema kungoja pale pale. Kuna Mwisraeli alikuwa mtu wa fizikia, Eliyahu Goldratt, yeye alisema kila kazi ina mahali pamoja panapobana, na kurekebisha pengine popote ni kujichosha, hata ni kuharibu, ju unaleta vitu haraka zaidi kwa foleni.

Mama, usihesabu chochote. Simama mlangoni. Rundo kubwa la nguo ambazo hazijaisha liko mbele ya nani?

Mama Sare:
Mbele ya Mama wa matundu. Yani yule anatoboa matundu ya vifungo, tuko na cherehani moja tu ya zigzagi inayofanya hiyo kazi na ndiye anaijua. Nimeenda kuhesabu sasa hivi, 90.

lori_mau:
Na zinatoka ngapi kwa siku?

Mama Sare:
Kama 18, siku nzuri 20. Na shati moja lenyewe ukilishona bila kusimama haifiki saa, ni dakika 50 hivi.

lori_mau:
90 kwa 18 ni siku 5. Shati la dakika 50 linalala kwa meza yake siku 5 nzima. Unaona? Profesa mmoja Mmarekani, John Little, 1961 alithibitisha hiyo hesabu, vitu vilivyo ndani ugawe kwa vinavyotoka unapata siku za kungoja. Haijali kama ni shati, ni lori ama ni wagonjwa wa nesi. Mafundi wako wengine wakishona haraka kesho hautatoa hata moja zaidi, rundo litafika 120 na mzazi atangoja siku karibu 7.

Mama Sare:
Na mimi ndio niliongeza fundi wa sita mwezi wa kumi na moja ju ya kuchelewa. Wacha nilale.

(baada ya wiki mbili)

Mama Sare:
Nimerudi na daftari. Siku 12 za kazi, nguo 214 zimetoka, 31 zimerudi. Nilidhani ni mafundi wanalipua kazi. Vifungo kukatika ni 4. Beji upande au imepinda ni 6. Madoa ya mafuta ya cherehani 2. Zilizobaki zote, 19, ni vipimo, 11 ni fupi au ndogo na 8 ni kubwa. Yani fundi ameshona sawasawa kabisa kitu kibaya alichoandikiwa. Miaka yote nimekuwa nikigombeza watu wa cherehani na makosa yako kwa meza ya mbele ambayo nusu ya siku nimekaa mimi.

omera_sofa:
Mkanda piga hesabu yako, Mama ana sigma ngapi? Nataka kujua kama anafika ligi kuu.

mkanda_kijani:
31 kwa 214 ni kama asilimia 14 na nusu, ukiweka kwa milioni inakuja karibu 145,000, kwa jedwali la Six Sigma hiyo ni sigma kati ya 2.5 na 2.6, namba ikipanda makosa yamepungua. Sigma sita ni makosa 3.4 kwa milioni. Lakini niseme ukweli ambao wauzaji wa mikanda hawakwambii. Shati moja lina nafasi nyingi za kukosea, nikisema ni tano, kipimo, beji, vifungo, doa, mshono, nagawa 31 kwa 1,070, yani 214 mara tano, na Mama amepanda ghafla mpaka sigma 3.4 bila kugusa sindano. Nguo ni zile zile, wazazi ni wale wale wamekasirika.

omera_sofa:
Na hiyo 3.4 kwa milioni atafika lini?

mkanda_kijani:
Ni kosa moja kwa kila nguo 294,000 hivi. Yeye anatoa 107 kwa wiki. Kwa mwendo huo ni kosa moja kila miaka 53.

omera_sofa:
Mjukuu wake ndio atairudisha hiyo shati.

Mzee wa Maziwa:
Ndio nilikuwa nasema. Hiyo bunduki ni ya ndovu.

mkanda_kijani:
Jaduong' ngoja. Lengo si lake, nakubali. Lakini kuna kitu kimoja ndani ya Six Sigma ambacho Kaizen watu wanaruka, kabla hujaamini vipimo vyako pima kipimo chenyewe. Mama, una tepu ngapi za kupimia watoto? Zilaze zote sambamba na rula ya chuma, uniambie kwa 60 zinasomaje.

Mama Sare:
Mungu wangu. Ya mkataji iko sawa na rula. Ya binti, ile ya kitambaa ambayo ilikuwa yangu tangu nianze hii kazi, mahali imeandikwa 60 kwa rula ni 61 na nusu. Imevutika.

mkanda_kijani:
Sasa fuata. Mtoto wa 61 na nusu binti anamsoma 60. Anaandika 60. Mkataji anakata 60 kwa tepu nzuri. Shati linatoka fupi na kila mtu amefanya kazi yake.

Mama Sare:
Hiyo inaeleza zile 11. Hizi 8 kubwa je? Nimekaa na binti tukafungua kitabu cha oda. Karibu zote zimeandikwa KK. Nikamuuliza KK ni nini, akasema ni kubwa kidogo. Mzazi akija anasema fanya iwe kubwa kidogo atakua, na sisi tunaandika KK. Kidogo ya binti ni sentimita 2, kidogo ya mkataji nimemuuliza akaniambia 8, ati watoto wa siku hizi wanakula vizuri. Mimi yangu sikuwahi kuwa nayo.

Nesi wa Kakamega:
Kwetu tulikuwa na daktari wa kuandika "ampe dawa kidogo". Naelewa kabisa.

Mzee wa Maziwa:
Hapo sasa fanya kitu cha Kijapani, fanya isiwezekane kukosea. Usimwambie binti awe makini, makini inaisha saa saba akisikia njaa. Badilisha karatasi ya oda, toa hiyo KK kabisa, weka nafasi ya kukua na visanduku vitatu, 2, 4, 6, mzazi achague mwenyewe na atie sahihi. Na hiyo tepu ichome. Wanaopiga simu wakisema Gredi 4 waambie walete shati la zamani au mtoto.

Mama Sare:
Tepu nimeikata vipande viwili nisije nikaitumia kwa bahati mbaya. Iliniuma kidogo, nilianza nayo.

lori_mau:
Na meza ya matundu? Msimsahau huyo mama.

Mama Sare:
Nilikaa naye nusu siku kama mlivyosema, bila kuongea. Yeye ndiye anaweka alama za chaki, anatoboa kwa mashine, anakata tundu na kiwembe, halafu mteja akiingia ndiye anainuka kumhudumia ju yuko karibu na mlango. Kwa shati moja la matundu saba mashine yenyewe inalia kidogo sana, mengine yote ni mikono yake.

lori_mau:
Mashine inayobana ndio pekee haifai kulala, zingine zilale tu. Mtu mwingine aweke alama, mwingine akate na kiwembe, mwingine aende mlangoni. Yeye akanyage tu. Na mkataji asikate zaidi ya zile zinazotoka kwa matundu kwa siku, hata akiwa na nguvu.

Mama Sare:
Hapo pa mkataji ndio kutakuwa na vita. Analipwa kwa kipande.

mkanda_kijani:
Hapo lori hana jibu naona 😄

lori_mau:
Ninalo. Mlipe kwa siku. Ukimlipa kwa kipande unamlipa ajaze foleni.

Mwalimu mstaafu:
Na mbona tusivunje yote tuanze upya? Kuna ile ya Michael Hammer ya miaka ya 90, BPR, ya kupanga kazi yote upya kutoka mwanzo.

Mzee wa Maziwa:
Mwalimu iliwahi kupita kwetu hiyo. Walivunja, wakapunguza watu, halafu wakaajiri wengine kufanya kazi ya wale waliopunguzwa. Kwa mafundi sita na Mama mmoja wacha tu.

(mwezi mmoja na nusu baadaye)

Mama Sare:
Najua wengi mmesahau huu uzi lakini niliahidi. Mkataji alinuna siku tatu, akasema anaenda kwa mshindani, tukakubaliana kwa siku na kitu kidogo juu kila wiki ambayo hakuna oda iliyochelewa. Sasa yeye ndiye anaweka alama za matundu, alijikatia kipande cha kadibodi chenye mashimo saba, kipande kimoja kwa kila saizi, anakilaza kwa shati anapiga chaki mara moja imeisha. Hakuna aliyemwambia. Kutoka 18 kwa siku tuko 26, 27, cherehani ni ile ile na mama ni yule yule, na rundo lake nimehesabu leo asubuhi ni 22.

Wiki mbili zilizopita zimetoka 318, zimerudi 14. Vipimo ni 5, na kati ya hizo 5 tatu ni za simu, ju nilimhurumia mtu mmoja wa Siaya mwenye watoto watatu. Beji bado ni 6, hazijaniogopa kabisa. Zingine 3 ni vitu vidogo.

Yule jamaa wa mikanda alinipigia tena, ameshuka mpaka 45,000.

Mzee wa Maziwa:
Umefanya vizuri sana mwanangu. Beji ulizia anayezishona anaziona kwa taa gani, kwetu lebo zilikuwa zinapinda zamu ya usiku tu.

mkanda_kijani:
Hizo beji 6 kabla na 6 baada usizifurahie wala usizilie bado, nguo ni nyingi zaidi kwa hivyo kiwango kimeshuka, lakini idadi ni ndogo, endelea na daftari. Na utumie tepu za fibaglasi, hazivutiki kama za kitambaa, hata hivyo zilaze kwa rula kila mwezi. Nani atafanya hiyo?

Mama Sare:
Binti, kila tarehe moja, anatia sahihi kwa ukuta. Nimejifunza kwa nesi.

Nesi wa Kakamega:
🙏🏾

lori_mau:
Mama, simama mlangoni tena. Rundo liko wapi sasa?

Mama Sare:
Kwa pasi. Leo ni nguo 60 na kitu, nilikuwa nataka kuwauliza ni kwa nini ju mwanzoni huyu kijana wa pasi alikuwa analala mchana.

lori_mau:
Alikuwa analala ju matundu yalikuwa yanamletea 18. Sasa yanamletea 27. Pabanapo huwa panahama, hakuna siku utabaki bila. Pasi ni ya aina gani?

Mama Sare:
Ya kawaida ya nyumbani. Nimeulizia ile ya mvuke yenye tangi, mpya siiwezi kabla ya Januari.

omera_sofa:
Mama niko na moja hapa Kondele ya mvuke nilitoa kwa dobi aliyefunga, nilikuwa nainyooshea vitambaa vya sofa, tangi ni zima ila mpini umefungwa na waya. Njoo uione kesho kabla ya saa nne, na ukuje na shati la kujaribia.

Mama Sare:
Ero kamano omera. Nakuja na la mtoto wa Siaya.